Katika sinema, mnenguaji haumwi goti

Juma hili nitaanza kwa kukiri kosa. Sisi madaktari hatupendi kufanya hivyo hadharani, lakini kosa lenyewe lina funzo, na funzo halifai kufungiwa kabatini pamoja na faili za wagonjwa.

Miaka michache iliyopita, mwanamke wa umri wa miaka 26 hivi alikuja katika kliniki yangu akichechemea. Alisema goti lake la kulia limevimba na lina joto. Nilimwuliza kazi yake, kama ninavyomwuliza kila mgonjwa. Alisita, akatazama kama mlango umefungwa, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hucheza densi usiku katika klabu moja ya jijini, zile densi za kuvua nguo. (Nimebadilisha mambo madogo madogo hapa ili asitambulike.)

Tangu aliponena hayo, sikulisikia goti tena. Nililibonyeza mara moja, nikamwandikia dawa za maumivu, kisha nikachukua karatasi ya maabara na kujaza: virusi vya Ukimwi, kaswende, kisonono, homa ya ini aina ya B. Nilimwuliza ana wapenzi wangapi. Nilimwuliza kama anatumia dawa za kulevya. Mwisho nikampa mawaidha, kwamba msichana mwerevu kama yeye hawezi kukosa kazi nyingine. Alinisikiliza kwa adabu, akalipa, akaenda zake. Maabara hakufika.

Alirudi baada ya siku 9 akiwa ameshikiliwa na dadake, mwili ukiwaka homa. Goti lilikuwa limefura kama embe bivu. Kile kifuko kidogo cha ute kilicho mbele ya pia ya goti kilikuwa kimejaa usaha. Ilibidi apelekwe hospitalini, goti lipasuliwe na kuoshwa, naye akalazwa kwa siku 5. Siku nilipokwenda kumjulia hali, aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Daktari, mimi nilikuja na goti. Wewe ulimtibu mtu mwingine."

Ugonjwa wake haukuwa wa ajabu. Waingereza waliuita goti la mjakazi, kwa kuwa uliwapata sana wasichana waliosugua sakafu za matajiri wakiwa wamepiga magoti. Huwapata pia mafundi wa vigae na wachimba migodi. Mnenguaji anayeangukia magoti na kutambaa jukwaani usiku kucha yumo katika kundi hilo hilo. Ngozi ikichubuka kidogo, viini hupenya, na kifuko huoza. Kama angesema yeye ni fundi wa vigae, ningeutambua ugonjwa wake kwa dakika mbili.

Basi huyo mtu mwingine niliyemtibu ni nani? Nimejiuliza swali hilo mara nyingi, na jibu linaniaibisha. Katika chuo cha udaktari hatukufundishwa lolote kuhusu wanenguaji, na mimi sikuwahi kuingia katika klabu ya aina hiyo. Huyo mtu nilimjulia kwenye sinema.

Mimi nilikulia katika soko dogo ambako miaka ya 1990 burudani ilikuwa kibanda cha video. Tulilipa shilingi chache, tukaketi kwenye mbao, tukatazama filamu za Kimarekani hadi usiku. Leo kijana hahitaji kibanda. Filamu hizo hizo, na nyingine mpya, zimo katika simu yake. Ndani ya filamu nyingi za polisi na majambazi kuna klabu: taa nyekundu, muziki mzito, nguzo ya chuma, na mwanamke asiyekuwa na jina.

Mara nyingi mwanamke huyo ni pazia tu la nyuma. Katika *Beverly Hills Cop* ya mwaka 1984, Eddie Murphy anawapeleka maafisa wenzake katika klabu kama hiyo, na hadithi inaendelea huku wasichana wakicheza nyuma yao. Katika *The Graduate* ya mwaka 1967, kijana anampeleka binti wa watu katika onyesho la aina hiyo kwa makusudi ya kumwaibisha. Mchezaji aliye jukwaani hana hadithi yoyote. Yeye ni chombo cha kumliza mwanamke mwingine.

Wakati mwingine yeye ni shetani. Katika *From Dusk Till Dawn* ya mwaka 1996, Salma Hayek anacheza na nyoka mabegani, na kufumba na kufumbua anageuka kuwa mnyonya damu. Mtazamaji anafundishwa kwamba chini ya ngozi ile nzuri kuna hatari inayosubiri.

Halafu kuna filamu zinazompa mnenguaji nafasi ya kwanza, na hapo ndipo tungetarajia ukweli. *Showgirls* ya mwaka 1995, iliyoongozwa na Paul Verhoeven, ni hadithi ya msichana anayefika Las Vegas na kupanda ngazi ya umaarufu kwa kuwakanyaga wenzake. *Striptease* ya mwaka 1996 ni ya mama aliyepoteza kazi na haki ya kumlea binti yake, naye anacheza ili apate fedha za mawakili. Demi Moore alilipwa dola milioni 12.5 kwa kuigiza humo, kiasi ambacho mwigizaji wa kike alikuwa hajawahi kulipwa wakati huo. Filamu zote mbili zilichekwa, na kila moja ilipewa ile tuzo ya mzaha ya filamu mbaya kupita zote za mwaka wake.

Hata hivyo, mimi sizilaumu kwa ubaya wa uigizaji. Ninazilaumu kwa sababu zinatupa watu wawili pekee wa kuchagua. Wa kwanza ni mpotevu asiye na soni. Wa pili ni malaika aliyetumbukia matopeni kwa bahati mbaya, na ambaye lazima tupewe sababu ya kumsamehe. Hakuna wa tatu, yaani mfanyakazi aliyekwenda kazini jana, atakayekwenda leo, na ambaye kifundo cha mguu kinamwuma.

Tazama *Flashdance* ya mwaka 1983, ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa muziki wake. Alex anachomelea vyuma mchana mjini Pittsburgh na kucheza densi usiku katika baa. Filamu inajitahidi kutuonyesha kwamba baa yake ni safi, kwa kuwa yeye havui nguo zote. Klabu chafu iko jirani, na rafiki yake anapoanguka katika mashindano ya kuteleza kwenye barafu na kukata tamaa, huko ndiko anakoishia, hadi Alex aende kumburuta nje. Je, msomaji, unajua klabu hiyo ya aibu wameiita jina gani? Zanzibar! Kisiwa chetu cha karafuu na misikiti kimefanywa bango la utupu, kwa sababu tu jina lake linasikika la mbali na la ajabu. Ukiona jinsi jina la mahali linavyoweza kutumiwa na mtu asiyepajua, utaelewa pia jinsi mwili wa mtu unavyoweza kutumiwa.

Kwangu mimi kama daktari, jambo kubwa zaidi katika filamu hiyo ni jingine. Ile densi ya mwisho inayoleta machozi haikuchezwa na Jennifer Beals peke yake. Sehemu kubwa ilichezwa na Marine Jahan, mchezaji kutoka Ufaransa. Kuruka kule hewani kulifanywa na mwanasarakasi, Sharon Shapiro. Kuzunguka kwa mgongo sakafuni kulifanywa na kijana wa kiume wa New York anayejulikana kama Crazy Legs. Miili minne ilihitajika kutengeneza mwili mmoja wa sinema! Kisha sisi tunatoka pale tukiamini kwamba mnenguaji ana mwili usiochoka, usiozeeka na usiovunjika.

Kwa upande mwingine kuna *The Wrestler* ya mwaka 2008. Humo Mickey Rourke ni mpiganaji mieleka aliyezeeka, na Marisa Tomei ni mnenguaji ambaye naye umri unamtupa mkono. Filamu hii ni nzuri, na waigizaji wote wawili waliteuliwa kuwania tuzo za Oscar. Lakini tazama kwa jicho la daktari. Mwili wa mwanamume tunaonyeshwa wote: vipande vya vioo mgongoni, pini za chuma ngozini, moyo unaoshindwa, kovu la upasuaji kifuani. Mwili wa mwanamke hatuonyeshwi hata lengelenge la kisigino. Kuzeeka kwake tunakujua tu kwa sababu kundi la vijana linamcheka. Mwili wake una thamani ya kutazamwa, lakini hauna haki ya kuumia.

Basi niruhusu nikueleze yale ambayo sinema huacha nje.

Miguu huanza. Viatu vya visigino virefu husukuma uzito wote mbele ya wayo, vidole vikapinda, na mshipa mnene wa nyuma ya kifundo hufupika kadiri miaka inavyopita. Magoti nimekwisha kuyataja. Mabega na viganja vya mikono huteseka kwa kubeba mwili mzima kwenye nguzo, na ngozi ya mapaja huchubuka na kuvilia damu. Mgonjwa mwenye alama hizo anaweza kudhaniwa amepigwa nyumbani, au kinyume chake, aliyepigwa kweli akadhaniwa ametoka kazini. Bila kuuliza kwa upole, huwezi kujua.

Masikio nayo hayasalimiki. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani hupendekeza mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na kelele ikifika desibeli 100 asizidishe dakika 15. Muziki wa klabu hufika hapo kwa urahisi, na mchezaji hukaa humo hadi alfajiri.

Kisha kuna usiku wenyewe. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza mwaka 2007, na kurudia mwaka 2019, kwamba kazi ya zamu za usiku yamkini huchangia saratani kwa binadamu. Hilo linawahusu wauguzi, walinzi na madereva pia. Ongeza pombe, kwa kuwa katika vilabu vingi mchezaji hutarajiwa kuwashawishi wateja wanunue vinywaji na mara nyingi kunywa pamoja nao. Pombe imeorodheshwa miongoni mwa visababishi vya saratani tangu mwaka 1988.

Na juu ya yote kuna jambo ambalo si la mwili moja kwa moja, lakini huuathiri mwili. Katika vilabu vingi vya Marekani mnenguaji hahesabiwi kuwa mwajiriwa. Badala ya kulipwa mshahara, yeye ndiye humlipa mwenye klabu ada ya kuingia jukwaani, kisha huwagawia wengine sehemu ya kile anachopata. Akiugua hana likizo ya ugonjwa. Akivunjika mguu, hana fidia. Kwa hivyo hucheza akiwa mgonjwa.

Nashukuru kwamba filamu chache za karibuni zimeanza kugusa jambo hilo. *Hustlers* ya mwaka 2019, iliyoongozwa na mwanamke, Lorene Scafaria, inaonyesha mwanzoni jinsi mapato ya msichana yanavyomegwa na huyu na yule hadi anabaki na kidogo. Hata hivyo hadithi inageuka haraka kuwa ya wizi na kuwawekea wanaume dawa katika vinywaji. Katika *Anora* ya Sean Baker, iliyotwaa tuzo ya filamu bora ya Oscar mwezi Machi 2025, msichana anamjibu meneja wake kwamba siku atakapompa bima ya afya na akiba ya uzeeni, ndipo atakapokuwa na haki ya kumpangia siku za kazi. Nilipoisikia kauli hiyo nilitamani kusimama na kupiga makofi. Ilidumu sekunde chache tu, kisha filamu ikarejea kwenye harusi na mtoto wa tajiri.

Kumbe hadithi za kweli zipo. Mwaka 1996 wachezaji wa klabu ya Lusty Lady mjini San Francisco walipiga kura kujiunga na chama cha wafanyakazi. Walilalamika, miongoni mwa mengine, kuhusu vioo vilivyowawezesha wateja kuwarekodi kwa siri. Mmoja wao, Julia Query, alishiriki kutengeneza filamu ya ukweli kuhusu mapambano hayo, *Live Nude Girls Unite!*, iliyotoka mwaka 2000. Mwaka 2023 wenzao wa klabu ya Star Garden, Los Angeles, walijiunga na chama cha waigizaji wa jukwaani baada ya mvutano mrefu kuhusu usalama wao. Mwaka 2024 jimbo la Washington, lililo magharibi mwa Marekani, lilipitisha sheria ya kuweka mipaka ya ada wanazotozwa na kutaka wapewe ulinzi. Ni wangapi kati yetu waliosikia hayo? Lakini Demi Moore tunamkumbuka.

Mtaniuliza, na wanaume je? *Magic Mike* ya mwaka 2012 inahusu wanaume wanaovua nguo mjini Tampa, na Channing Tatum mwenyewe aliwahi kuifanya kazi hiyo akiwa kijana. Humo Mike ana ndoto ya kutengeneza samani, anakwenda benki kuomba mkopo, na sisi tunamtakia heri. Mwanamume akivua nguo, sinema humwuliza ana mipango gani. Mwanamke akivua, humwuliza amekosea wapi. Mimi pia, katika kliniki yangu, nilimwuliza mgonjwa wangu amekosea wapi.

Najua baadhi ya wasomaji wamekwisha kukunja uso. Watasema daktari anaitetea kazi chafu, tena katika ukurasa unaosomwa na vijana. La hasha. Sikuandika haya ili binti yako akimbilie klabu. Nimetaja hapa juu magoti, masikio, pombe na usiku. Anayetaka kumwonya binti yake achukue hayo, yana ukweli kuliko matusi. Ninalosema ni hili: usaha hauulizi cheti cha tabia njema kabla ya kuingia gotini, na daktari pia hapaswi kukiuliza kabla ya kuutoa.

Wengine watasema dawa ni kupiga marufuku filamu hizo. Hilo tumelijaribu. Mwezi Januari 2014 bodi yetu ya kuainisha filamu iliipiga marufuku *The Wolf of Wall Street*. Sidhani kuna aliyeshindwa kuitazama kama alitaka. Marufuku huondoa filamu ukumbini, lakini haiondoi picha iliyokwisha kuingia kichwani. Picha mbovu hutolewa na maswali mazuri.

Pia sisemi kwamba vipimo vya magonjwa ya zinaa havina maana. Vina maana kubwa, nami huwashauri watu wazima wote wapimwe, akiwemo mhasibu, mwalimu na mhubiri. Kosa langu lilikuwa kumpima kwa sababu ya kazi yake, kabla ya kumsikiliza, na badala ya kumtibu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo tumeizoea kuwapigia wagonjwa. Lakini aliyeficha maradhi mara nyingi amefundishwa kuyaficha na wale waliomcheka alipoyataja. Mgonjwa wangu hakuficha. Alisema ukweli wote, na ukweli huo ndio uliomponza.

Kwa hivyo nina maombi matatu. Kwanza, wewe unayefanya kazi ya usiku ya aina yoyote, mwambie daktari kazi yako bila kuona haya, na ukiona ameacha kusikiliza kidonda chako, mrudishe kwenye kidonda. Una haki hiyo. Pili, wazazi, mkiwa na vijana mbele ya filamu na klabu ikatokea, msikimbilie kuzima tu. Waulizeni: huyu mwanamke anaitwa nani? Analipwa na nani? Akiugua kesho, itakuwaje? Utashangaa jinsi picha inavyobadilika. Tatu, wenzangu wa stethoskopu, tukumbuke kwamba nasi tulikuwa watoto wa vibanda vya video. Tuliingia chuoni tukiwa na wagonjwa wengi wa kubuni vichwani, na hakuna mtihani uliowatoa.

Mara ya mwisho mwanamke yule alipokuja, goti lilikuwa limepona, likiwa na kovu refu kama kidole. Sikumwuliza kama bado anacheza. Nilimwuliza kama anaweza kulikunja na kulinyoosha bila maumivu. Akalikunja, akalinyoosha. Kisha kwa mara ya kwanza akaniuliza, bila kutazama mlango, kuhusu masikio yake, ambayo kwa muda mrefu yamekuwa yakivuma kila anapolala.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tusidhani tumekilalia kwa kukitazama kwenye sinema.